Hitilafu Haisomi Kitabu

Inspekta alikuwa ameisoma ile karatasi mara nne tangu asubuhi, na kila mara alitamani kwenda kunawa mikono. Miaka kumi na tisa kazini amefungua magunia ambayo hata mbwa waliyakwepa, lakini ukurasa huu mmoja, uliochapwa vizuri na kubanwa kwa pini, ulimchefua kuliko magunia yote hayo.

"Usinisomee," alisema fundi cherehani bila kuinua macho. "Jumanne nilisoma mistari mitatu nikafuta. Yaliyobaki sitaki kuyajua mpaka naingia kaburini."

Mtaa mzima ulimwita Kurasa. Mchana alishona suti na sare za shule, na alfajiri, kabla ya kufungua duka, aliandika habari za vitabu kwenye blogu yake, mwaka wa kumi na moja huu. Kompyuta ilikaa kwenye meza ya pasi. Nyuma yake rafu ilipanda hadi darini, na kila kitabu kilitoa ulimi wa karatasi ya kaki, ile wanayokatia mifano ya nguo. Ndizo alizotumia kuweka alama alipofika, na ndizo alizoandikia kila kitu kilichomjia kichwani.

"Jumatatu uliandika nini?" Inspekta aliuliza.

"Nilikisifu kitabu cha Mwalimu. Mama wa miaka sabini na minane, ameandika riwaya moja maishani mwake, na ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilikisifu kutoka moyoni."

"Na Jumanne?"

"Saa tatu asubuhi nafungua, nakuta hilo jinamizi. Jina langu juu, picha yangu pembeni, sifa zote zimefutwa. Kwanza nikadhani ni yale yale. Afande, hii blogu imenitesa miezi miwili. Mara ukurasa unakuwa mweupe kama shuka. Mara maoni ya msomaji mmoja yanajirudia mara kumi na moja. Wiki iliyopita uhakiki wa riwaya ya mapenzi ulitokea chini ya picha ya kitabu cha ufugaji wa kuku, watu wakacheka hadi wakachoka. Nilishazoea. Lakini hili halikunichekesha."

Halikumchekesha mtu yeyote. Jumanne hiyo hiyo, kabla ya saa sita, Mwalimu alikuwa amempigia simu mchapaji na kuamuru nakala zote mia nne zilizobaki zikasagwe. Mkataba ulimpa haki hiyo, na ni yeye peke yake aliyeweza kuitengua amri hiyo. Lori la kiwanda cha karatasi lingekuja leo, Alhamisi, saa kumi alasiri. Kurasa alikuwa amekwenda kwake mara mbili akafukuzwa getini. Jana yake mtoto wa Mwalimu, daktari wa meno, alifika kituoni kushtaki matusi, na ndiye aliyeleta karatasi ile.

Inspekta alitazama saa. Ilikuwa saa tano na robo.

Mlango ulisukumwa, akaingia fundi wa tovuti na mkoba wake begani, uso umemvimba kwa hasira. Alikuwa wa kwanza kushukiwa, na alijua. Funguo zote za blogu alikuwa nazo, na mwezi uliopita yeye na Kurasa walirushiana maneno mbele za wateja.

"Nina tovuti sitini za kuangalia," alisema. "Ningetaka kumchafua mtu, ningeanza na wanaonisumbua kuliko huyu."

"Kaa," Inspekta alimwambia. "Nionyeshe nani aliingia Jumanne."

Fundi wa tovuti akafungua kompyuta yake juu ya kitambaa kilichokuwa hakijakatwa. Kurasa akakivuta kitambaa kutoka chini yake kimya kimya, akakikunja.

"Saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi. Ameingia kwa jina la Kurasa. Neno la siri ameliandika mara moja tu, likakubali. Hakubahatisha hata kidogo. Mimi nikiingia naonekana kwa jina langu, hili hapa, na mara ya mwisho ni wiki tatu zilizopita."

"Ungeweza kutumia jina lake."

"Ningeweza. Ila saa hiyo nilikuwa wodi ya wazazi, mke wangu amejifungua. Piga simu uulize."

Inspekta alipiga. Muuguzi aliyepokea alimkumbuka vizuri sana: baba aliyezimia, ikabidi naye atafutiwe kitanda. Fundi akatazama ukutani. Inspekta akalifuta jina lake kwenye daftari.

"Na hizi hitilafu za miezi miwili?" aliuliza. "Zina mkono wa mtu?"

"Hamna. Programu zake hajazisasisha tangu miaka sita iliyopita. Namwambia, ananijibu yuko sura ya mwisho ya kitabu fulani. Ni kutu tu, Inspekta."

"Na hii nayo kutu?" Akampa karatasi.

Fundi alisoma. Midomo ilimkunjamana kama aliyeng'ata kitu kilichooza, akairudisha kwa ncha za vidole viwili.

Basi Inspekta akaisoma kwa mara ya tano, safari hii kwa sauti ya chini, kwa ajili yake mwenyewe. *Makohozi ya kizee yaliyobandikwa jalada. Angekaa akatafuna ufizi wake akanyamaza. Uozo umezidi pale mama anapofungiwa stoo wageni wakija (uk. 241), uongo unaonuka kama jino bovu.* Mwandishi wa maneno haya alikuwa ametulia. Hakuna neno lililokosewa. Alikaa kitako asubuhi na mapema, pengine ameshapiga mswaki, akachagua tusi moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Hitilafu inapotosha herufi," alisema. "Haisomi kitabu ikachagua mahali pa kutemea mate. Kurasa, wewe huweka namba za ukurasa kwenye mabano?"

"Kila mara. Wasomaji wangu hufungua kukagua. Nikikosea hawanisamehe."

"Basi huyu amekuiga mpaka mabano. Nipe hicho kitabu cha Mwalimu."

Kilikuwa juu kabisa ya rafu, mahali pa heshima. Inspekta alikifungua nyuma na kusoma namba chini ya ukurasa wa mwisho. Mia moja themanini na nane. Akarudia, asije akawa ameruka. Mia moja themanini na nane, kisha jalada.

Kurasa alisimama, sindano mdomoni. Akaitoa.

"Kitabu hakina mia mbili arobaini na moja," alisema. "Mungu wangu. Ningesoma mstari mmoja zaidi ningeona."

"Ungesoma. Lakini ulikimbilia kufuta, ukafuta na ushahidi. Bahati yako mlalamikaji alituletea nakala."

Simu kwa mchapaji ilichukua dakika tatu. Hapana, kitabu hakijawahi kuwa na kurasa zaidi ya hizo. Muswada ndio ulikuwa mrefu, karatasi mia tatu na kumi na mbili, maana ulichapwa kwa herufi kubwa mno. Nakala ngapi? Moja ilikuja kwake, nayo ilishachanwa. Nyingine ilibaki kule ulikochapiwa, kwenye zahanati ya meno ya mtoto wa Mwalimu. Na tafadhali, mchapaji aliongeza, yeye mwenyewe kitabu anakipenda, lakini lori akilirudisha bila amri ya mwandishi atashtakiwa.

Inspekta alikata simu.

"Neno la siri nani analijua?"

"Mimi na fundi. Alinibadilishia wiki tatu zilizopita."

"Uliliandika wapi?"

Kurasa alianza kuzungusha futi ya kupimia shingoni mwake.

"Kurasa."

"Kwenye kaki. Ya kitabu nilichokuwa nasoma siku hiyo."

"Kitabu kiko wapi?"

"Nilimwazimisha Mwalimu. Kina herufi kubwa, macho yake hayamsaidii siku hizi. Nimemaliza kukisoma, nikaona nisikae nacho."

Fundi wa tovuti alifunika uso kwa viganja. "Nimemwekea neno la herufi kumi na tisa," alisema kati ya vidole. "Kumi na tisa. Naye kaliweka kama sarafu ndani ya kitumbua."

"Chukua koti," Inspekta alimwambia Kurasa. "Tunakwenda wote."

Lakini hawakwenda moja kwa moja. Ilimlazimu Inspekta kurudi kituoni kuchukua kibali cha upekuzi, na aliyepaswa kukitia saini alikuwa amekwenda kula. Walikaa kwenye benchi la korido zaidi ya saa mbili, Kurasa akitazama saa ya ukutani kama mgonjwa anavyotazama sindano. Walipofika zahanati ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano.

Zahanati ilitazama barabara, nyumba ya daktari ikiwa nyuma yake. Ndani kulinukia dawa ya kuulia vijidudu. Mgonjwa mmoja alikuwa ameinama kwenye beseni akitema mate mekundu, na daktari alikuwa akinawa. Alinawa kwa muda mrefu, kidole baada ya kidole, kisha akamwona Kurasa mlangoni.

"Huyo haingii kwangu."

"Yuko na mimi," Inspekta alisema. "Sikuchukulii muda, daktari. Maelezo yako ya jana yana mapengo. Ni sehemu gani iliyomuumiza mama zaidi?"

"Zote. Hasa hiyo ya stoo. Ukurasa wa mia mbili arobaini na moja."

"Unaikumbuka hadi namba."

"Nilimsomea mwenyewe, asubuhi ile ile, akinywa chai. Alikuwa na haki ya kujua."

"Ulimsomea yote?"

"Neno kwa neno. Polepole, maana na masikio nayo siku hizi."

Inspekta alimwona yule mama, kikombe mkononi, akipokea *makohozi* na *ufizi* kutoka mdomo wa mtoto wake, polepole, ili lisimpite hata moja. Akakitoa kitabu kwenye mkoba na kukiweka juu ya sinia la koleo na vioo vidogo.

"Nifungulie ukurasa huo."

Daktari alikipokea kwa namna ya mtu anayekishika mara ya kwanza. Alipekua mbele, akafika mwisho, akarudi nyuma.

"Labda hili ni toleo jingine."

"Limetoka moja tu. Nakala yako iko wapi?"

"Sijapata nafasi ya kununua. Unaona kazi zilivyo."

"Hukununua kitabu cha mama yako."

Dada wa mapokezi, aliyekuwa akijaza kadi, aliinua kichwa. Alikuwa na uso wa mtu anayependa kusaidia.

"Daktari, hiyo namba si ya kitabu, ni ya ile niliyochapa mimi. Ile ya herufi kubwa, Mwalimu aliitaka hivyo ili aikague mwenyewe. Si uliniomba Jumatatu? Iko kabatini, nakuletea."

"Acha," daktari alisema, lakini dada alishageuka.

Alirudi amekumbatia mzigo wa karatasi uliofungwa kamba. Katikati yake kilichungulia kipande cha kaki. Inspekta alijichukulia glavu kwenye boksi la daktari mwenyewe, akazivaa, akafungua pale penye alama. Namba chini ya karatasi ilikuwa 241. Maneno ya mama na stoo yalikuwa yamepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, kwa nguvu, hadi karatasi ikachanika mahali.

Akakigeuza kipande cha kaki. "Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu," Kurasa alisema. "Hapa juu ni vipimo vya suruali ya mteja. Hapa chini ni neno la siri, na jina la blogu nimeliandika juu yake."

Mgonjwa alifuta mdomo akatoka bila kuaga. Dada wa mapokezi alirudi nyuma hatua mbili, mkono shavuni. Daktari alivua glavu zake moja moja na kuzitupa kwenye ndoo.

"Haya ni mambo ya familia," alisema.

"Yalikuwa ya familia hadi ulipoandika kwa jina la mtu mwingine, kisha ukaja kituoni kulia machozi. Kwa nini?"

"Wewe umekisoma hicho kitabu? Mimi nilikuwa sina habari nacho. Wiki iliyopita mgonjwa amekaa hapo, pamba mdomoni, ananiambia, daktari, yule mtoto kwenye kitabu cha mama yako ni wewe mtupu. Anacheka. Anacheka huku nimeshika koleo." Sauti haikumpanda hata kidogo. "Nina zahanati. Nina jina mjini."

"Ungemwomba akiondoe sokoni."

"Angeniuliza nimejiona wapi."

"Kwa hiyo ukataka akiue mwenyewe."

"Mimi sijagusa kitabu chake. Uamuzi ni wake, alipiga simu kwa hiari yake. Mimi hata nilimshika mkono wakati anapiga."

Hapo Inspekta alimwangalia vizuri: koti jeupe lililopigwa pasi, kucha safi, meno yaliyopangika. Alikuwa ameshahoji wauaji waliolia na wezi waliotukana, na wote aliweza kukaa nao chumba kimoja. Kwa huyu alitamani kufungua dirisha hewa itoke.

"Yuko wapi?"

"Nyuma. Amepumzika, asisumbuliwe."

"Tangulia."

Walipita ua, kamba za nguo na tangi la maji. Chumba kilikuwa cha mwisho, kimeegemea ukuta wa uzio, na kidirisha chake kilikuwa juu mno kwa mtu kuchungulia. Mlango ulikuwa na komeo kwa nje. Lilikuwa limefungwa.

"Ni kwa usalama wake," daktari alisema upesi. "Wagonjwa wanaingia hapa, wageni wanakuja, anaweza kutangatanga akaanguka."

Inspekta alilivuta mwenyewe. Lilikuwa limepakwa mafuta, halikutoa hata mlio.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo wima, madaftari yake yamepangwa kitandani kwa ukubwa. Aligeuza uso kuelekea mwangani.

"Nani?"

"Polisi, Mwalimu. Nimekuja na mwanao, na Kurasa."

"Kurasa atoke. Amenitosha."

Kurasa akageuka aondoke kweli. Inspekta alimshika mkono.

"Atatoka ukishamsikiliza mwanao. Daktari, saa tisa na dakika ishirini na tano. Sema wewe, au nitasema mimi, na mimi nitalisema kama lilivyo kwenye faili."

Daktari alibaki kizingitini. Alitazama viatu vyake, akatazama tangi la maji.

"Mama. Yale maneno ya Jumanne. Si ya huyu."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mwalimu aliweka mikono magotini. "Yale ya makohozi?"

"Ndiyo."

"Ukanisomea mwenyewe. Nikalia, ukanipa leso."

"Mama, na wewe uliniandika. Yule kijana anayemfungia mama yake stoo wageni wakija. Watu wananicheka. Ulitaka nifanyeje?"

Inspekta aliona taya ya bibi ikitembea, kama anayetafuna jambo gumu.

"Kitabu hiki nilikianza wewe ungali chuoni," Mwalimu alisema. "Nilikuwa sijawahi kulala chini ya paa lako hata siku moja. Yule si wewe. Yule ni mimi. Nilimfungia mama yangu kwa sababu ya kikohozi chake, kila baba yako alipoleta wageni wa kazini. Siku moja wageni walichelewa kuondoka, nikamsahau hadi asubuhi. Nilijigeuza kijana ili watu wasinijue. Miaka ishirini na mitano nimekuwa nikiandika, nafuta, natafuta moyo wa kusema hilo moja tu."

Daktari akasema, "Sikujua, mama. Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Hilo komeo nilikuwa najiambia ni kwa ajili ya wagonjwa wako. Kila siku najiambia. Wewe ulijiona kwenye kitabu. Mimi nilikuwa sijakuona."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Daktari alisogeza mguu kana kwamba ataingia, lakini hakuna aliyempisha, na yeye hakusukuma. Inspekta alijikuta akijifuta kiganja kwenye sketi, kile kiganja kilichovuta komeo.

"Mwalimu," alisema, "lori linakuja saa kumi."

"Mpigie mchapaji."

Inspekta alipiga, akamwekea simu sikioni. Kutoka upande wa pili zilisikika kelele za watu wanaopakia, maana lori lilikuwa limewahi, na sauti ya mchapaji ikiomba radhi kabla hajaulizwa.

"Ni mimi," Mwalimu alisema. "Ndiyo, mwenyewe, akili zangu timamu. Shusheni vitabu vyangu. Vyote. Huyo dereva mwambie bibi amebadili mawazo, akasage vingine."

Alisikiliza. Kurasa alikuwa amekalia ukingo wa kitanda, futi ya kupimia imemning'inia, machozi yanamtiririka bila aibu.

"Bado sijamaliza," Mwalimu aliendelea. "Mkichapa tena, yule kijana wa stoo msimwache kijana. Mfanyeni binti. Kila anapotokea, kutoka mwanzo hadi mwisho. Na mpeni jina langu."